Inveta ya sola ya kisanduku kimoja: Inavyofanya kazi na inavyoweza kuua betri

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa mijini wanaojenga nyumba pembezoni mwa miji, au wenye mashamba mahali ambako nguzo za umeme hazijafika, hukutana na kifaa kimoja karibu katika kila duka la vifaa vya sola. Ni kisanduku cha bati chenye kioo kidogo cha tarakimu usoni, feni za kupooza ndani yake na matundu ya kupitishia nyaya chini. Muuzaji hukiita inveta, kisha huongeza kwamba kina kila kitu ndani.

Maelezo hayo ni kweli kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, kisanduku hicho hakizalishi umeme wala hakiuhifadhi. Kazi yake ni kuupokea, kuubadili, kuugawa na kuilinda betri. Mnunuzi asiyeielewa kazi hiyo ya mwisho anaweza kupoteza betri zake mapema, na katika mitambo mingi ya nyumbani betri ndizo zinazomeza sehemu kubwa ya fedha.

Makala haya yanaeleza kilichomo ndani ya kisanduku hicho, kinavyofanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, na mambo ambayo mwenye nyumba anapaswa kumuuliza fundi kabla hajaondoka.

Kilikotoka

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtambo wa sola wa nyumbani nchini Tanzania na Kenya ulikuwa mdogo. Kwa kawaida ulikuwa na paneli moja juu ya bati, betri moja ya volti 12 ambayo mara nyingi ilikuwa ya gari, taa chache, redio na pengine televisheni ndogo. Vifaa vyote hivyo vilitumia umeme wa mkondo mnyoofu, ule ambao mafundi huuita DC.

Aliyetaka jokofu au kompyuta alilazimika kutafuta vifaa vingine: kidhibiti chaji cha kusimamia umeme wa paneli, inveta ya kuugeuza umeme wa betri, chaja ya kujaza betri kwa jenereta, na swichi ya kuhama kutoka chanzo kimoja kwenda kingine. Vifaa hivyo vinne vilitoka katika viwanda tofauti, kila kimoja na kijitabu chake, na fundi ndiye aliyevifanya vielewane.

Kisanduku cha sasa kimevikusanya vyote vinne chini ya bati moja na kuviwekea ubongo mmoja wa kielektroniki. Nyaya zimepungua, ukutani kuna nafasi, na kazi ya kufunga imekuwa fupi.

Vifaa vinne chini ya bati moja

Kifaa cha kwanza ni kidhibiti chaji. Paneli ya sola hutoa umeme wa volti inayobadilika kufuatana na joto, na ampea zinazobadilika kufuatana na ukali wa jua. Ipo volti moja ambayo paneli ikifanya kazi hapo, wati zinazopatikana huwa nyingi kuliko kwingine kote. Vidhibiti vya kizamani, vinavyojulikana kwa herufi PWM, huivuta paneli hadi kwenye volti ya betri, na sehemu ya nguvu hupotea. Vile vya MPPT, ambavyo ndivyo vilivyomo katika visanduku vingi vya leo, huitafuta volti hiyo bora kila mara na kuigeuza ziada ya volti kuwa ampea.

Ni kama dereva wa lori anayepanda mlima Kitonga. Injini ni ile ile, lakini kwa kubadili gia hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta. Paneli zinazotoa volti 164 na ampea 9 zina nguvu ya wati 1,476. Kidhibiti cha MPPT kikizishusha volti hizo hadi 27 kwa ajili ya betri, ampea hupanda na kufikia takriban 53, baada ya kuondoa upotevu mdogo.

Kifaa cha pili ni inveta yenyewe. Huuchukua umeme wa DC wa betri, kwa mfano volti 24, na kuugeuza kuwa umeme wa mkondo geu, yaani AC, wa volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na ule wa gridi ya taifa. Swichi za kielektroniki huukata na kuuunga umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, kisha hulainishwa hadi upate umbo la wimbi laini. Wimbi hilo lina maana kwa mnunuzi: inveta za bei ya chini hutoa mawimbi ya ngazi ngazi, ambayo huzifanya mota za jokofu na feni ziungurume na kupata joto kupita kiasi.

Cha tatu ni chaja. Jenereta ikiwashwa, au gridi ikifika siku moja, chaja huubadili umeme wa AC kuwa DC na kuijaza betri. Katika modeli nyingi, hii ni sakiti ile ile ya inveta ikifanya kazi kinyume.

Cha nne ni swichi ya kuhamisha. Huamua nyumba itumie umeme wa sola na betri au wa jenereta, na huhama kwa muda wa takriban sehemu 10 hadi 20 za elfu moja za sekunde. Ni muda mfupi kiasi kwamba kwa kawaida taa haionekani kuzima.

Siku moja ya kisanduku

Jua linapochomoza, volti ya paneli hupanda kwanza, hata kabla hazijatoa nguvu ya maana. Ikifika kiwango cha kuanzia, kidhibiti huamka. Betri iliyotumika usiku kucha hupokea umeme wote unaoweza kupatikana, na volti yake hupanda polepole.

Kufikia saa 4 au saa 5 asubuhi, nyumba huanza kuhudumiwa moja kwa moja na paneli, na ziada huingia katika betri. Betri inapokaribia kujaa, kisanduku huacha kuisukuma kwa nguvu. Huishikilia kwenye volti moja ya juu huku ampea zikipungua, kisha huishusha kwenye volti ya chini ya kuitunza tu. Kwa betri za risasi za mtambo wa volti 24, kiwango cha juu huwa takriban volti 28.2 hadi 28.8, na cha kuitunza huwa karibu volti 27.

Hapa pana jambo ambalo wenye mitambo wengi hawalijui. Betri ikishajaa na matumizi yakiwa madogo, paneli haziendelei kutoa nguvu yake yote. Katika mtambo usiounganishwa na gridi hakuna pa kuipeleka, hivyo kidhibiti hupunguza tu kiasi kinachochukuliwa. Nguvu hiyo haihifadhiwi popote. Ndiyo maana kupiga pasi, kusukuma maji au kufua kwa mashine kunafaa kufanyika kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, wakati umeme unaotumika ni ule ambao vinginevyo usingevunwa.

Jua linapozama, mzigo wote huhamia kwenye betri. Kisanduku huitazama volti yake usiku kucha. Ikishuka hadi kiwango kilichowekwa hulia, na ikiendelea kushuka huizima nyumba nzima. Kuzima huko huwaudhi wengi, lakini ndiko kunakookoa betri, ilimradi kiwango kiwe kimewekwa mahali sahihi.

Betri zinavyokufa

Visanduku vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa vizime umeme pale volti inaposhuka hadi 10.5 kwa kila betri ya volti 12, yaani volti 21 kwa mtambo wa volti 24. Kwa betri ya risasi, kiwango hicho ni cha chini mno. Betri ya volti 24 iliyopumzika na kubakiwa na nusu ya umeme wake husoma takriban volti 24.4. Ikiwa inahudumia taa na televisheni tu, basi hadi ifike volti 21 huwa imekaushwa.

Betri za risasi zinazofaa kwa sola huweza kudumu kwa mizunguko mia kadhaa hadi zaidi ya 1,000 ya kutumika na kujazwa, iwapo haziteremshwi chini ya nusu. Zikikaushwa kila usiku, sahani zake za risasi hupata ukoko mgumu wa salfeti na uwezo wake hupungua kwa haraka. Betri ya gari haifai kabisa kwa kazi hiyo, kwa kuwa imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini.

Mwandishi wa makala haya alishuhudia hali hiyo nyumbani kwa ndugu yake, mstaafu aliyejenga katika wilaya moja ya Mkoa wa Pwani. Sehemu ya kiinua mgongo chake ilinunua paneli, kisanduku kizuri na betri nne za ampea-saa 200. Fundi alifunga, akawasha taa, akalipwa na kuondoka bila kugusa mpangilio wowote. Miezi 14 baadaye umeme ulikuwa ukizimika saa 3 usiku. Mzee aliamini kwamba ameuziwa betri mbovu. Kioo cha kisanduku kilipokaguliwa, kiwango cha kuzimia kilikuwa bado volti 21 kama kilivyotoka kiwandani, na betri zilikuwa zimekaushwa karibu kila usiku. Betri nne zilitupwa, na kisanduku hakikuwa na hitilafu yoyote.

Marekebisho yake huchukua dakika chache. Katika modeli nyingi, mwenye kifaa huingia kwenye orodha ya mipangilio, huchagua aina ya betri inayoitwa ya mtumiaji, kisha huandika viwango mwenyewe. Kwa betri za risasi za volti 24, kiwango cha kuzimia cha takriban volti 23 hadi 24 ni salama zaidi, ingawa neno la mwisho ni la mtengenezaji wa betri husika.

Betri za lithiamu zina masharti tofauti. Aina inayotumika sana majumbani ni ya chuma na fosfeti, iliyotokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na maabara ya John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, mwanasayansi aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri hizo huweza kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, na hudumu kwa maelfu ya mizunguko. Ndani yake mna sakiti ya ulinzi inayoikata betri inapokuwa hatarini. Hata hivyo, si vyema kuitegemea sakiti hiyo kila siku. Kisanduku kinapaswa kuambiwa kwamba betri ni ya lithiamu, na ule mpango wa kuisukuma betri kwa volti za juu mara kwa mara, ambao ni wa betri za maji, uzimwe kabisa.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vitatu. Ina taa 8 za wati 9 zinazowaka saa 5, sawa na wati-saa 360. Televisheni ya wati 80 kwa saa 5 ni wati-saa 400. Jokofu dogo huweza kutumia wati-saa 1,000 kwa siku. Feni mbili za wati 50 kwa saa 8 ni wati-saa 800. Simu na kompyuta ya mkononi tuzipe 200. Jumla ni wati-saa 2,760.

Wengi huishia hapo na kununua paneli. Lakini inveta hupoteza takriban asilimia 10 katika kuugeuza umeme, hivyo betri na paneli zitapaswa kutoa karibu wati-saa 3,070. Aidha, kisanduku chenyewe hula umeme kwa kuwa tu kimewashwa. Kikila wati 50 kwa saa 24, hiyo ni wati-saa 1,200, zaidi ya jokofu. Mahitaji halisi ya siku yanafika karibu wati-saa 4,300.

Paneli nne za wati 450 zina wati 1,800. Tukikadiria saa 4.5 za jua kamili kwa siku na kuondoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa nyaya, zitatoa karibu wati-saa 6,000. Zinatosha na kubaki. Siku ya masika yenye mawingu mazito kiasi hicho huweza kushuka hadi nusu au chini yake, na hapo ndipo jenereta ndogo au nidhamu ya kuzima feni huhitajika.

Kwa upande wa kuhifadhi, betri nne za risasi za volti 12 na ampea-saa 200 zina wati-saa 9,600, ambazo nusu yake, 4,800, ndizo za kutumia. Betri moja ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 200 ina wati-saa 5,120, na asilimia 80 yake ni karibu 4,100. Mizigo hiyo miwili hufanya kazi inayokaribiana, ingawa mmoja ni mzito zaidi na hudumu kwa muda mfupi zaidi.

Namba za kwenye kibandiko

Kila kisanduku kina kibandiko, na namba ya kwanza ambayo mnunuzi huitazama ni kilowati. Kisanduku cha kilowati 3 kinaweza kubeba pasi ya wati 1,500 pamoja na jokofu. Ifahamike kwamba mota ya jokofu au pampu huhitaji nguvu mara kadhaa ya kawaida yake kwa sekunde ya kuanza. Visanduku vingi huvumilia mara mbili ya uwezo wake, lakini kwa sekunde chache tu.

Namba ya pili ni kiwango cha juu cha volti za paneli. Paneli zikiungwa kwa mfululizo, volti zake hujumlishwa. Jumla ikizidi kiwango hicho, kisanduku huweza kuungua papo hapo, na mara nyingi dhamana haigusi kosa hilo. Volti za paneli hupanda wakati wa baridi, kwa hiyo fundi wa Makete au Lushoto anapaswa kuacha nafasi kubwa zaidi kuliko wa Tanga mjini.

Namba ya tatu husahaulika zaidi: kiwango cha chini cha volti za kufanyia kazi. Baadhi ya modeli huhitaji angalau volti 120. Paneli tatu zinazotoa volti 41 kila moja hufikisha 123, na mwenye nyumba hudhani zinatosha. Mchana wa joto la pwani volti hushuka, jumla huanguka chini ya 120, na kidhibiti huyumba wakati ambao jua ni kali kuliko saa zote. Paneli nne zingefikisha 164 na kuliondoa tatizo hilo.

Kadhalika, kiasi cha ampea za kuchaji kwa jenereta hupangwa. Kuijaza betri ya volti 24 kwa ampea 60 huhitaji zaidi ya wati 1,600. Jenereta ya kilowati 1 itazimika kila inapounganishwa, na mwenyewe atailaumu jenereta.

Hatari zisizoonekana

Mtambo wa aina hii unaweza kuua. Paneli nne zilizoungwa kwa mfululizo hufikia karibu volti 200 zikiwa hazina mzigo, na hakuna swichi ya kulizima jua. Breka za kawaida za AC hazifai kwa upande wa paneli na betri. Umeme wa AC hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inayotokea breka inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa DC haupiti sifuri, hivyo cheche huweza kuendelea kuwaka na kuyeyusha breka. Breka na fyuzi za upande huo ziwe zimeandikwa DC.

Waya wa betri unahitaji unene wa kutosha. Kilowati 3 kutoka betri ya volti 24 ni zaidi ya ampea 125, na waya mwembamba hugeuka kuwa pasi ndani ya ukuta. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri.

Hatari nyingine hujitokeza gridi inapofika baadaye. Umeme wa gridi unaingia kwenye kisanduku kupitia tundu la kuingizia, na nyumba inahudumiwa kutoka tundu la kutolea. Anayeunganisha tundu la kutolea na nyaya za gridi huweza kukiunguza kisanduku, na pia huweza kupeleka umeme kwenye nguzo ambayo fundi wa TANESCO anaamini imezimwa. Kazi hiyo ni ya mafundi wenye leseni ya EWURA, wala si ya kijana anayejua kuunga nyaya.

Kukaa ndani ya kapu moja

Kukusanya kila kitu mahali pamoja kuna gharama yake. Kidhibiti chaji cha pembeni kikiharibika, inveta huendelea kufanya kazi hadi betri iishe. Kisanduku kimoja kikiharibika, huenda na vyote: hakuna kuchaji, hakuna taa, hakuna jenereta kupitia humo. Kwa nyumba ni usumbufu wa siku kadhaa. Kwa zahanati yenye jokofu la chanjo zinazopaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, ni hasara ya dozi zilizotarajiwa na watoto wa kijiji kizima. Sehemu kama hiyo inahitaji kifaa cha akiba, au swichi ya mkono inayoiruhusu jenereta kuihudumia nyumba moja kwa moja.

Kisanduku kinahitaji pia hewa. Vijitabu vingi vya maelekezo hutaka nafasi ya takriban sentimeta 20 kila upande na 50 juu na chini. Kisifungwe juu ya betri wala jikoni. Feni zake huvuta vumbi, na mijusi na mende hupenda joto lake. Mjusi mmoja akigusa sehemu mbili za sakiti anaweza kukiharibu kifaa chote. Betri za risasi nazo huchukia joto: kwa kanuni inayotumiwa na mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye nyumba amwombe aonyeshe kwenye kioo cha kisanduku mambo manne: aina ya betri iliyochaguliwa, volti ya juu ya kuchaji, volti ya kuzimia, na ampea za kuchaji kwa jenereta. Ayaandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani karibu na kifaa. Kisha alinganishe namba hizo na zile zilizo kwenye kijitabu cha betri.

Fundi anayejua kazi yake atazieleza namba hizo kwa dakika tano. Akishindwa, ni afadhali mwenye nyumba asubiri fundi mwingine siku hiyo hiyo kuliko kugundua kosa miezi 14 baadaye, betri zikiwa zimekufa.